Barua za Lloyd George

Wahenga walisema, waraka ni nusu ya kuonana. Maana yake ni kwamba mtu akiwa mbali na jamaa zake, karatasi ndogo iliyoandikwa kwa mkono wake yaweza kuziba sehemu ya pengo lile. Lakini, msomaji mpenzi, waraka una kazi nyingine ambayo mwandishi wake hakuikusudia. Mwandishi hufa, na mpokeaji naye hufa, bali waraka husalia. Nasi ambao hatukupata kumwona hata mmoja wao, twaonana nao kwa nusu ile. Ndiyo sababu mwanahistoria huzithamini barua za watu kama sonara athaminivyo dhahabu. Na kama sonara, huzipima kwanza kabla ya kuzikubali.

Katika insha hii nataka tuzitazame barua za mtu mmoja mashuhuri, David Lloyd George, mwana wa Wales aliyepata kuwa Waziri Mkuu wa Uingereza. Hotuba zake zilisikilizwa na maelfu ya watu, na vitabu vyake vilisomwa katika nchi nyingi. Lakini barua alizowaandikia watu wa nyumbani kwake hakuziandika kwa ajili yako wala kwa ajili yangu. Basi yatupasa kuuliza: je, mtu huyu alikuwa yule yule jukwaani na nyumbani? Na tukiona kwamba maneno yake ya hapa na ya kule hayalingani, tuyaamini yapi?

Wales ni nchi ndogo ya milima iliyo upande wa magharibi wa kisiwa cha Britania, nayo ina lugha yake yenyewe, Kiwelshi. Lloyd George alizaliwa katika mji wa Manchester, Uingereza, tarehe 17 Januari 1863, lakini wazazi wake walikuwa Wawelshi. Baba yake, aliyekuwa mwalimu wa shule, alifariki mwaka 1864, akamwacha mjane na watoto wadogo wasio na tegemeo. Mama huyo aliwachukua wanawe akaenda kuishi kwa ndugu yake, Richard Lloyd, katika kijiji cha Llanystumdwy, kaskazini mwa Wales. Mjomba huyu alikuwa mshona viatu, tena mhubiri asiyepokea mshahara. Hakuwa tajiri, wala hakuwa amesoma shule kubwa. Lakini mpwa wake alipotaka kujifunza sheria, na mtihani ukadai Kifaransa, mjomba alijifundisha lugha hiyo kwa vitabu ili apate kumfundisha kijana. Mwaka 1884 David alihitimu kuwa wakili. Mwaka 1890 alichaguliwa kuingia Bungeni kwa tofauti ya kura 18 tu, akakiwakilisha kiti kile kile kwa muda wa karibu miaka 55. Alifanywa Waziri wa Fedha mwaka 1908, na mwezi wa Desemba 1916, katikati ya Vita Vikuu vya Kwanza, alishika uwaziri mkuu, akakaa nao hata Oktoba 1922.

Hayo ndiyo maisha yake kama yaonekanavyo kutoka nje. Sasa tuingie ndani.

Lloyd George alipoingia Bungeni, wabunge wa Uingereza hawakulipwa mshahara. Walianza kulipwa mwaka 1911, na yeye mwenyewe ndiye Waziri wa Fedha aliyeleta jambo hilo. Kwa miaka mingi, basi, mwana wa mjane alihitaji mtu wa kumlisha. Mtu huyo alikuwa mdogo wake, William George, ambaye naye alikuwa wakili. William alibaki nyumbani akiendesha afisi yao ya sheria, na mapato ya afisi ile yakawasaidia David na watoto wake. Kwa sababu hii David alimwandikia ndugu yake na mjomba wake karibu kila siku. Aliwaeleza ni nani aliyesema Bungeni, nani aliyeshindwa kwa hoja, na jinsi hotuba yake mwenyewe ilivyopokewa kwa vigelegele. Mara nyingi alijisifu bila haya, kama kijana arudiye nyumbani na cheti cha mtihani. Mara nyingine aliomba fedha.

Usimcheke upesi, msomaji. Yatazame mambo haya kwa jicho la mwanahistoria, nawe utaona jambo ambalo halimo katika hotuba yoyote. Nyuma ya kila mtu mkubwa asimamaye mbele ya umati, pana mtu mwingine akaaye kimya nyuma ya meza akihesabu shilingi. Jina la David limeandikwa katika vitabu vya historia vya dunia nzima. La William lajulikana na wachache. Lakini siri ya mtungi aijuaye kata. Barua zile ndizo zinazotuambia kwamba ngazi aliyoipanda Waziri Mkuu ilishikiliwa chini na mshona viatu na wakili wa kijijini. Mjomba Richard Lloyd alifariki Februari 1917, akiwa amemwona mpwa wake katika uwaziri mkuu kwa muda usiotimia miezi mitatu. William aliishi hata mwaka 1967, akafa akiwa na umri wa miaka 101. Mwaka 1958, akiwa mzee wa zaidi ya miaka tisini, alitoa kitabu juu ya maisha yake na ya ndugu yake.

Fungu la pili la barua ni zile alizomwandikia mkewe, Margaret Owen. Margaret alikuwa binti wa mkulima mwenye uwezo karibu na mji mdogo wa Criccieth, ulio kando ya bahari. Walioana Januari 1888. Wazee wa Margaret hawakumtaka sana kijana huyu, kwa kuwa hakuwa na mali, tena dhehebu lake lilikuwa mbali na lao. Kabla ya kuoana, Lloyd George alimwandikia mchumba wake barua moja ambayo wanahistoria hawaachi kuitaja. Alimwambia waziwazi kwamba shabaha yake kubwa duniani ni kuendelea mbele, na kwamba yu tayari kulitupa hata penzi lenyewe chini ya magurudumu ya gari lake ikiwa litamzuia njiani. Ni wachumba wachache waliopata kuonywa waziwazi namna hiyo! Margaret aliisoma barua ile, akaolewa naye vivyo hivyo.

Baada ya kuoana, Margaret hakuupenda mji wa London. Aliipenda bahari ya Criccieth, watu wa kwao, kanisa lake na lugha yake. Kwa hiyo mume aliishi London wakati wa vikao vya Bunge, na mke alikaa nyumbani kwao sehemu kubwa ya mwaka. Utengano huo uliwaumiza wote wawili, lakini ndio uliotupatia sisi barua. Kama wangalikaa nyumba moja siku zote, maneno yao yangaliruka na upepo wa jioni, wala tusingalijua lolote.

Barua hizo ziliandikwa zaidi kwa Kiingereza, lakini Kiwelshi hupenya ndani yake mara kwa mara. Mara nyingi alimwita mkewe kwa maneno ya Kiwelshi, "Hen gariad", ambayo twaweza kuyafasiri kuwa "mpenzi wangu wa tangu zamani". Jambo hili halitamshangaza msomaji wa Kenya. Wewe mwenyewe wajua jinsi mtu awezavyo kutumia lugha ya shuleni na afisini mchana kutwa, lakini moyo ukiguswa, ulimi hurudi nyumbani bila kuamriwa.

Si barua zote zilizokuwa za mapenzi. Mwezi wa Agosti 1897 alimwandikia mkewe kwa uchungu mkubwa, akimlaumu kwamba amemwacha mpweke: mara nyingi, alisema, amerudi usiku wa manane kwenye makao yenye giza na baridi, pasipo hata mtu mmoja wa kumpokea, na siku nyingine amekwenda kazini bila chakula cha asubuhi. Asomaye barua hiyo peke yake humhurumia mume. Lakini ngoja. Anayesema ni mmoja tu. Kitabu cha barua za jamaa yake kilichotolewa mwaka 1973 na mwanahistoria Kenneth Morgan kimejaa sauti ya Lloyd George. Sauti ya Margaret twaisikia kama mtu asikiavyo mazungumzo kupitia ukutani. Je, nani alikuwa akiwalea watoto? Nani alikuwa akiwapokea wapiga kura wa jimbo lake mlangoni, akiwatembelea wagonjwa na kulilinda jina la mumewe? Hakimu asikilizaye upande mmoja hahukumu haki, na mwanahistoria naye ni hakimu.

Tena lipo fungu la tatu. Mwaka 1911 Frances Stevenson aliajiriwa kumfundisha binti mdogo wa Lloyd George, Megan. Baadaye alikuwa karani wake wa siri, na tangu mwaka 1913 wakawa wapenzi. Mambo hayo yalidumu karibu miaka thelathini, Margaret akiwa hai. Margaret alifariki Januari 1941, na Lloyd George akamwoa Frances Oktoba 1943. Barua za hawa wawili zilichapishwa mwaka 1975. Basi yule aliyemwandikia mkewe kwa maneno ya upole alikuwa akimwandikia na mwingine kwa maneno ya upole vile vile. Nayataja haya ili ujue kwamba barua ya siri si kioo kisicho na doa. Watu wengi hudhani kwamba hotuba hudanganya na barua husema kweli. Sivyo. Hata katika barua, mwandishi huwa na mtu mmoja wa kumpendeza, naye huchagua maneno kwa ajili ya mtu huyo.

Sasa tumefika kwenye barua zilizo na uzito kuliko zote, zile za mwezi wa Agosti 1914.

Siku zile Ulaya yote ilikuwa ikitelemka kuingia vitani. Lloyd George alikuwa Waziri wa Fedha, na watu wengi walimhesabu kuwa mpenda amani, kwa maana alikuwa amevipinga vita vya Makaburu katika Afrika ya Kusini, vya mwaka 1899 hata 1902, mpaka maisha yake yakawa hatarini. Tarehe 3 Agosti alimwandikia Margaret kwamba anatembea katika dunia iliyo kama jinamizi. Alisema amepigania amani kwa nguvu zake zote, lakini ikiwa Ujerumani itaishambulia Ubelgiji, nchi ndogo, basi mila yake yote itamvuta upande wa vita. Alisema anaogofywa na mambo yanayokuja, na anaogofywa zaidi kwamba yeye atakuwa na sehemu katika mambo hayo. Lakini hana budi kuubeba mzigo ule ijapokuwa unamwunguza. Siku ya pili yake, tarehe 4 Agosti, majeshi ya Ujerumani yaliingia Ubelgiji, na Uingereza ikatangaza vita. Mawaziri wawili walijiuzulu. Lloyd George hakujiuzulu.

Siku saba baadaye, tarehe 11 Agosti, alimwandikia tena mkewe. Safari hii habari zilikuwa juu ya mwana wao Gwilym, kijana wa miaka 19. Askari wa akiba walikuwa wakisihiwa wajitolee kwenda kupigana ng'ambo. Baba alisema kwamba hakubali. Haafiki vita vya kuiangamiza Ujerumani kwa faida ya Urusi, na hatamtoa mwanawe mpenzi sadaka kwa ajili hiyo. Akamwagiza mama amwandikie kijana asikubali kabisa kusukumwa na watu kujitolea kwenda ng'ambo.

Uchungu wa mwana aujua mzazi. Mpaka hapo twamwelewa vema. Lakini sikiliza yaliyofuata. Tarehe 19 Septemba 1914, wiki tano na siku chache baada ya barua ile, Lloyd George alisimama katika ukumbi wa Queen's Hall, London, mbele ya Wawelshi wakaao katika mji huo. Alitoa hotuba iliyosifiwa nchi nzima. Alizisifu nchi ndogo za dunia, alieleza utukufu wa kujitoa, na kuwaita vijana wa Wales waingie jeshini. Vijana waliitika kwa maelfu. Wengi hawakurudi.

Utasema nini, msomaji? Yawezekana kwamba methali imekwisha kukujia ulimini: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Wana wa watu waende, mwanangu abaki! Hukumu hiyo ni nyepesi kutamkwa, na yumkini ina chembe ya kweli. Lakini mwanahistoria hatakiwi kuhukumu kabla ya kupanga tarehe zake na kuzitazama zote.

Akizipanga, ataona mambo matatu. Kwanza, kati ya barua na hotuba, mambo ya vita yaligeuka. Tarehe 11 Agosti wengi walidhani vita vitakuwa vifupi na kwamba msaada wa Uingereza utakuwa hasa wa baharini. Kufikia katikati ya Septemba sehemu kubwa ya Ubelgiji ilikuwa imetekwa, na majeshi ya Uingereza yalikuwa yamekwisha kurudi nyuma kutoka Mons yakipoteza watu wengi. Mtu aweza kubadili shauri lake pasipo kuwa mnafiki. Pili, wana wa Lloyd George hawakufichwa. Richard na Gwilym wote wawili waliingia jeshini wakawa maofisa, na kwa bahati wote wawili walirudi hai. Tatu, na hili laelekea upande mwingine, baba yule aliyesema kijana wake asisukumwe na mtu alikuwa miongoni mwa wakubwa walioisukuma nchi ikubali sheria ya mwaka 1916 ya kuwaandikisha vijana jeshini kwa lazima. Kwa hiyo barua ya tarehe 11 Agosti haimfanyi kuwa mwongo, wala haimwondolei lawama. Kazi yake ni kutuonyesha kwamba alipowaita wana wa wengine, alijua. Alikuwa ameuonja uchungu ule kwanza katika nyumba yake mwenyewe. Hotuba haikutuambia hivyo, na bila barua tusingalijua kamwe.

Baada ya kuondoka madarakani mwaka 1922, Lloyd George hakupata tena wadhifa wa serikali. Alilima shamba lake huko Churt, kusini mwa Uingereza, na kati ya mwaka 1933 na 1936 alitoa kumbukumbu zake za vita katika vitabu sita. Ni vitabu vyenye nguvu, lakini vimeandikwa na mzee ajuaye mwisho wa hadithi, anayewajibu majemadari aliogombana nao, na mwenye jina la kulilinda. Barua ya tarehe 3 Agosti 1914 haikujua mwisho wa hadithi. Mwandishi wake hakujua kama nchi itashinda au itashindwa, wala kwamba zaidi ya watu 700,000 wa nchi yake wangekufa. Kutojua huko ndiko thamani yake. Kumbukumbu hutueleza mtu apendavyo kukumbukwa. Barua hutueleza alivyokuwa siku ile alipoishika kalamu.

Lloyd George alifariki tarehe 26 Machi 1945 katika kijiji cha Llanystumdwy alikolelewa, akazikwa kando ya mto Dwyfor chini ya jiwe kubwa. Barua zake zilitawanyika. Hati zilizokuwa mikononi mwa Frances zilinunuliwa na Lord Beaverbrook, mwenye magazeti, na mwaka 1975 zikahamishiwa katika hifadhi ya hati za Bunge. Barua nyingi za jamaa yake zilihifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Wales, mjini Aberystwyth. Zilipona kwa sababu mke, ndugu na katibu hawakuzichoma moto, ijapokuwa kila mmoja wao alikuwa na sababu ya kuzichoma.

Lipo jambo moja la mwisho, nalo latuhusu sisi. Mwaka 1917, Lloyd George akiwa Waziri Mkuu, serikali ya Waingereza katika nchi hii, ambayo siku hizo iliitwa Himaya ya Afrika Mashariki, ilikusanya watu kwa wingi, wengi wao kwa nguvu, wachukue mizigo ya majeshi yaliyokuwa yakipigana katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Wapagazi hao walikufa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa maradhi, njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Jina la kikosi chao limesalia hata leo katika mtaa wa Kariokor, Nairobi, na Kariakoo, Dar es Salaam. Nao pia walikuwa na baba na mama. Bila shaka wapo wazazi waliosema usiku jikoni maneno yale yale aliyoyasema Lloyd George, kwamba mwanangu haendi. Lakini wengi wao hawakujua kuandika, wala hapakuwa na posta ya kuwapelekea waraka. Maneno yao hayakuhifadhiwa katika maktaba yoyote. Yule mkubwa ametuachia barua kwa maelfu. Hawa hawakutuachia hata moja, wala uchungu wao haukuwa mdogo kuliko wake.

Kwa hiyo, msomaji mpenzi, ukipata barua ya zamani, isome kwa heshima, kisha iulize maswali. Nani aliyeiandika, na kwa nani? Siku gani, na alijua nini siku ile? Alitaka mpokeaji amdhanie vipi? Na ni sauti ya nani isiyosikika humo? Ukiwa na babu au bibi ambaye hakuandika barua, kaa naye umwulize habari za siku zake, uziandike kwa mkono wako mwenyewe, na uweke tarehe juu ya karatasi. Kwa kufanya hivyo utawapa wajao nusu ya kuonana na mtu ambaye bila wewe wasingalimwona kabisa.